Kuziba Pengo Kubwa la Mfupa

Mfupa ni tishu hai. Ngozi iliyochanika sana hupona kwa kuacha kovu, lakini mfupa uliovunjika hujiunga kwa kujenga mfupa mpya uliofanana na ule wa awali. Ndiyo maana mwanafunzi wa Izimbya, Wilaya ya Bukoba, akivunjika mkono akicheza mpira, aghalabu hupona baada ya majuma machache, mradi mfupa umenyoshwa na kufungwa barabara.

Uwezo huo, hata hivyo, una mpaka. Pikipiki ikiuponda muundi, au bakteria wakiushambulia mfupa hata ikabidi sehemu iliyokufa iondolewe, hubaki pengo. Katika muundi wa mtu mzima, pengo linalozidi sentimita 2 hivi kwa kawaida halizibwi na mwili peke yake. Hujaa tishu ya kovu isiyoweza kuhimili uzito. Kwa mkulima wa migomba na kahawa, mguu wa namna hiyo haubebi mkungu, na pengine huishia kukatwa.

Tiba ya siku nyingi ni kuchota mfupa wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe na kuupandikiza penye pengo. Lakini nyonga haina mfupa mwingi wa kutoa. Hapo ndipo wanasayansi walipogeukia uhandisi wa tishu, ambao hutumia mambo matatu: seli za kujenga mfupa, kiunzi cha kuzishikilia, na vichocheo vya kuziamsha. Mwaka 1965, Marshall Urist wa Marekani alionyesha kwamba mfupa ulioondolewa madini, ukiwekwa ndani ya msuli wa mnyama, huotesha mfupa mpya mahali hapo. Mwaka 2001, Rodolfo Quarto wa Italia na wenzake walieleza habari za wagonjwa 3 waliokuwa na mapengo ya sentimita 4 hadi 7. Seli za uboho wao zilikuzwa maabarani, zikawekwa katika viunzi vya madini yanayofanana na ya mfupa, kisha zikapandikizwa, mifupa ikaunga.

Mbona basi njia hiyo haijaenea? Mbali na gharama ya maabara, kikwazo kikubwa ni damu. Oksijeni hupenya ndani ya tishu umbali usiozidi takriban sehemu 2 za kumi za milimita kutoka kwenye mshipa mwembamba wa damu. Kwa hiyo seli zilizo katikati ya kiunzi kinene huweza kufa kabla mishipa mipya haijazifikia.

Jibu moja lilitoka Ufaransa, ambako daktari Alain-Charles Masquelet alianza njia yake katika miaka ya 1980. Kwanza mfupa uliokufa huondolewa, mguu huimarishwa kwa vyuma, na pengo hujazwa saruji maalumu ya akriliki. Katika muda wa majuma 6 hadi 8, mwili huizungushia saruji hiyo utando wenye mishipa mingi ya damu na vichocheo vya mfupa. Ndipo utando hupasuliwa kwa uangalifu, saruji hutolewa, na chembe za mfupa wa nyonga hutiwa ndani yake. Utando huzilisha chembe hizo na kuzizuia zisimezwe na mwili. Kazi ya maabara hufanywa na mwili wa mgonjwa mwenyewe.

Njia hii haihitaji kukuza seli nje ya mwili, lakini yahitaji daktari bingwa, chumba safi cha upasuaji na subira ya miezi mingi. Mgonjwa wa Izimbya huweza kulazimika kuvuka mpaka wa mkoa hadi Bugando, hospitali ya rufaa iliyoko Mwanza. Tena bakteria wakibaki katika jeraha, huweza kuharibu kazi yote.

Kwa sababu hiyo tiba huanzia barabarani. Jeraha lililofunua mfupa lifunikwe kwa kitambaa safi, lisipakwe udongo wala majani. Mguu ufungwe gango, na majeruhi afikishwe hospitali upesi, aoshwe jeraha na kupewa dawa za kuua bakteria. Mfupa uliookolewa mapema hauhitaji kujengwa upya.