Bachaquero, Meli Iliyofungua Mlango Bukini

Msafiri atokaye mjini Nairobi kwa barabara ya Ngong huiacha Kibera upande wa kushoto na Kawangware upande wa kulia, na kando ya barabara hiyo yako makaburi ya vita yaliyofunguliwa mwaka 1941. Yamo humo pia majina ya watu waliokufa Bukini, yaani Madagaska, bila kaburi lijulikanalo. Habari ya vita vile haiwezi kuelezwa bila kuitaja meli moja yenye sura mbaya, Bachaquero.

Meli hiyo haikuundwa kwa vita. Ilikuwa ya kuchukua mafuta katika ziwa la Maracaibo, huko Venezuela, na kwa kuwa mlango wa ziwa hilo una maji haba, tumbo lake lilifanywa pana na la kina kidogo. Mwaka 1940 Waingereza walipofukuzwa Ufaransa, Bwana Churchill alitaka vyombo viwezavyo kushusha vifaru pwani yoyote isiyo na gati. Ndipo Bachaquero na wenzake wawili, Misoa na Tasajera, walipokatwa omo, wakatiwa mlango mkubwa ulioangukia mbele na daraja la kutelemkia. Meli moja iliweza kupakia vifaru vizito 18. Mwendo wake ulikuwa wa pole mno, lakini mwendo siyo uliotakiwa.

Aprili 1942 manowari za Wajapani zilishambulia Colombo, na meli za vita za Waingereza zikarudi nyuma hadi Kilindini. Ikahofiwa kwamba nyambizi za adui zikipata bandari ya Diego Suarez, iliyokuwa mikononi mwa Wafaransa wa serikali ya Vichy, njia ya Mombasa itakatwa. Basi tarehe 5 Mei 1942 Waingereza wakashuka upande wa magharibi, nyuma ya mizinga ya bandari iliyoelekea mashariki. Bachaquero ilikuwamo, imejaa magari na mizinga. Kupata pwani ya kuifaa hakukuwa kazi nyepesi, lakini mwisho ilipanda nchi kavu na kufungua mlango wake. Baada ya siku mbili bandari ilikuwa imetwaliwa. Hofu ile haikuwa ya bure: tarehe 30 Mei nyambizi ndogo za Wajapani ziliingia humo, zikaitoboa manowari Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta.

Juni wakafika askari wa King's African Rifles, ambao watu huwaita Keya. Katika brigedi ya 22 walikuwamo wa Kenya, Tanganyika na Nyasa. Kibera yenyewe ilitengwa zamani kwa ajili ya askari Wasudani wa Keya na jamaa zao, kwa hiyo jina hilo si geni huko. Septemba waliingia kwa Majunga wakaushika mwendo wa kwenda Tananarive. Wafaransa walikata miti na kujenga kuta za mawe njiani, na kazi ya kuziondoa ilichosha kuliko risasi. Daraja la Betsiboka liliangushwa, lakini kipande cha kati kilikaa majini kwa kina kidogo tu, nao wakavuka juu yake. Tananarive ilitwaliwa tarehe 23 Septemba. Oktoba, huko Andramanalina, Keya walizunguka pande mbili za bonde usiku, wakateka watu karibu 800 bila hasara yao.

Mapatano ya kusimamisha vita yalianza dakika moja baada ya usiku wa manane, tarehe 6 Novemba. Wafaransa walikuwa na hesabu yao: aliyepigana zaidi ya miezi sita alistahili nishani na nyongeza ya malipo.

Bachaquero ilitumika tena Normandy mwaka 1944, kisha vita vilipokwisha ikarudi kwa wenyewe.