Sambaza wa Ziwa Kivu: Jenetiki, Ikolojia na Usimamizi wa Pamoja

Sambaza (Limnothrissa miodon), wa jamii ya dagaa, alipandikizwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa kuwa maji yaliyo chini ya takriban mita 60 hayana oksijeni, huishi na kula planktoni katika tabaka la juu pekee. Ulinganisho uliochapishwa mwaka 1995 ulibaini kwamba, baada ya miaka 34, alikwisha kutofautiana kimaumbo na kijenetiki na asili yake. Hivyo kanuni za Tanganyika zisinakiliwe bila utafiti. Aidha, makinda hukulia karibu na ufuo, ilhali wapevu huvuliwa ziwani mbali. Nyavu za matundu madogo ufuoni, Rwanda au Kongo, hupunguza wapevu wa kesho. Ziwa ni moja. Kanuni za uvuvi nazo hazina budi kuoanishwa.