Ushabiki wa jina la bunduki wamla mnunuzi mtaji

MISIGIRI, Iramba — Katika njia panda ya Misigiri, pale barabara ya Kiomboi inapoachana na barabara kuu ya Singida kwenda Nzega, ushabiki hauishii kwenye Simba na Yanga. Wapo wanaoapa kwa aina moja tu ya pikipiki, na wapo wasiogusa betri ya redio ila yenye nembo waliyoikuta kwa baba zao. Kwa bidhaa za namna hiyo hasara ya ushabiki ni ndogo. Betri ikifa leo, kesho hununuliwa nyingine.

Bunduki ni habari tofauti. Mfugaji, mwenye duka au mwenye shimo la dhahabu anayeomba kumiliki silaha kihalali hununua mara moja, pengine kwa maisha yake yote. Maombi yake huanzia kwa viongozi wa mahali anapoishi na kupanda hadi polisi. Leseni ikitoka huonyesha aina ya silaha, kipimo cha risasi na namba yake. Akigundua baadaye kuwa alichagua vibaya, hawezi kwenda kuibadilisha gulioni kama jembe. Kuuza au kumhamishia mwingine umiliki ni jambo la polisi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991.

Kwa hiyo swali la kibiashara ni moja: jina lililochongwa kwenye mtutu lina thamani gani hasa? Historia ya soko hili, kuanzia Tanga ya mwaka 1914 hadi viwanda vya Marekani, inajibu kwamba jina lina thamani pale linapofuatana na risasi, vipuri na fundi. Likikosa hayo, mnunuzi analipia hadithi.

JINA MOJA, BUNDUKI MBILI

Hakuna jina la bunduki lililovuma katika nchi hii kuliko Mauser. Lilikuja na Wajerumani, na wazee wengi walilijua kabla ya kujua jina la gari lolote. Lakini jina hilo lilibeba bidhaa mbili zisizolingana.

Wakati wa vita vya Tanga, mwezi Novemba 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871. Hiyo ilikuwa bunduki ya milimita 11, ya kupakia risasi moja moja, iliyotumia baruti nyeusi. Kila ilipolia ilitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Wenzao wachache walikuwa na Mauser ya mwaka 1898, yenye risasi tano ndani na baruti isiyo na moshi. Jina lilikuwa moja, lakini kati ya bunduki hizo mbili kulikuwa na tofauti ya uhai na kifo.

Funzo hilo halijazeeka. Anayesema "nataka Mauser" au "nataka Winchester" bila kutaja mwaka, aina na kipimo cha risasi, hajasema anataka nini. Muuzaji mjanja hupenda sana mteja wa namna hiyo.

RISASI MOJA, MAJINA MAWILI

Mfano wa pili unatoka kwa wawindaji wa Kizungu wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20. Nyumba ya John Rigby ya London ilisifika kwa bunduki za kuwindia, na bei zake zilikuwa za mabwana. Kati ya mwaka 1898 na 1912 nyumba hiyo ilikuwa wakala wa Mauser nchini Uingereza, na bunduki zake nyingi zilijengwa juu ya mitambo iliyotoka kiwanda cha Mauser huko Oberndorf. Hata risasi iliyoitwa .275 Rigby ilikuwa ni ile ile ya Kijerumani ya milimita 7, yaani 7×57, iliyopewa jina la Kiingereza.

Mwindaji Mskoti Walter Bell, aliyevuma Karamoja, Uganda, na upande wa Kongo, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa risasi hiyo ndogo. Wenzake waliapa kwamba tembo haangushwi ila kwa bunduki nzito ya mitutu miwili yenye jina kubwa. Bell alitazama mambo mengine: bunduki nyepesi aliyoizoea mkononi na risasi zisizomwangusha, za kiwanda cha DWM cha Ujerumani. Sheria za uwindaji za baadaye ziliweka kiwango cha chini cha kipimo kwa wanyama wakubwa, na biashara ile ya pembe za ndovu imekwisha. Kinachobaki kwa mnunuzi wa leo ni namna ya kuchagua. Bell alianza na kazi, akaenda kwenye risasi, na jina akaliacha liwe la mwisho.

ALIYEFUNGIA NA ALIYEFUNGULIA

Mwaka 1911 Rigby ilitoa risasi ya .416, na mwaka 1912 nyumba nyingine ya London, Holland & Holland, ikatoa ya .375. Zote mbili zilikuwa risasi nzuri, lakini kisoko zilipita njia mbalimbali.

Ile ya .375 haikukaa muda mrefu mikononi mwa mwenye nayo peke yake. Iliachiwa watengenezaji wengine, na katika miaka ya 1930 Winchester ya Marekani iliiweka kwenye bunduki yake ya Model 70. Baadaye Wacheki nao wakaitengenezea bunduki za Brno na CZ, ambazo wawindaji wengi wa Afrika Mashariki walizichukua kwa kuwa bei yake ilikuwa ya chini. Matokeo yake ni kwamba risasi ya .375 imekuwa ya kawaida karibu kila mahali panapowindwa wanyama wakubwa.

Ile ya .416, pamoja na risasi nyingine nene za bunduki ghali za Kiingereza, zilitegemea zaidi kiwanda kimoja, Kynoch. Kuelekea mwaka 1970 Kynoch iliacha kuzitengeneza. Watu waliokuwa wamelipa fedha nyingi kwa majina makubwa ya London wakajikuta na bunduki safi zinazong'aa kabatini, na hakuna cha kutia ndani. Winchester, iliyokuwa imeleta .458 yake tangu mwaka 1956, iliwachukua wateja hao. Risasi ya .416 ilirudi sokoni baadaye, lakini waliokuwa wanahitaji bunduki katika miaka ile hawakuweza kuingoja.

Kwa mnunuzi wa Misigiri hapa ndipo penye kiini cha mambo. Maduka yenye leseni ya kuuza silaha na risasi ni machache na yako miji mikubwa. Bunduki ambayo risasi yake haiko dukani ni chuma cha kulipia leseni. Fisi akija zizini usiku, hatauliza jina la kiwanda.

KIWANDA HUBADILIKA, JINA HUBAKI

Mashabiki wengi wa chapa hudhani jina na kiwanda ni kitu kimoja. Winchester inaonyesha kwamba sivyo. Mwaka 1964 kampuni hiyo ilibadili utengenezaji wa Model 70 ili kupunguza gharama, na wanunuzi wakaona mara moja kuwa kazi imeshuka. Hadi leo Model 70 za kabla ya mwaka huo huuzwa kwa bei ya juu kuliko zilizofuata, ingawa jina kwenye mtutu ni lile lile. Kiwanda cha zamani cha New Haven kilifungwa mwaka 2006. Jina liliendelea kutumika kwa leseni, na bunduki za marisau aina ya SXP zenye jina hilo la Kimarekani zinatengenezwa Uturuki.

Colt nayo ilifilisika mwaka 1992 na tena mwaka 2015. Mwaka 2021 ilinunuliwa na kampuni ya Kicheki ya CZ kwa dola milioni 220 taslimu pamoja na hisa, na kampuni mama sasa inaitwa Colt CZ Group. Kwa hiyo shabiki wa Colt aliyekuwa akiidharau CZ kwa urahisi wa bei, leo anapeleka fedha zake kwenye mfuko ule ule.

Si kwamba bidhaa ya Uturuki au ya Ucheki ni mbaya. Hoja ni kwamba bei ya jina la zamani isilipwe kabla ya kuuliza bidhaa iliyo mkononi imetoka wapi, mwaka gani, na vipuri vyake vinapatikana kwa nani.

MAPENZI YAKIGEUKA CHUKI

Mwekezaji mdogo naye ana lake hapa, kwa sababu ushabiki uleule unaoinua kampuni unaweza kuiangusha kwa msimu mmoja. Kampuni ya Tomkins ya Uingereza iliinunua Smith & Wesson mwaka 1987 kwa dola zaidi ya milioni 110. Jina lilikuwa kubwa na wateja walikuwa waaminifu. Machi 2000 kampuni hiyo ilitia saini makubaliano na serikali ya Rais Clinton kuhusu kufuli za usalama na masharti kwa wauzaji. Wenye bunduki wengi wa Marekani waliona wamesalitiwa, wakasusa. Bastola zilikuwa zile zile za mwezi uliotangulia, bila badiliko la chuma wala risasi, lakini mauzo yalianguka. Mei 2001 Tomkins iliiuza kampuni hiyo kwa dola milioni 15, mnunuzi akichukua na madeni.

Aliyekuwa amethamini kampuni hiyo kwa mapenzi ya wateja wake alipata hasara ya kutisha. Aliyeinunua kwa bei ya kutupa, akijua mashine na mafundi bado wapo, alipata nafuu kampuni iliposimama tena. Hali hiyo inawahusu pia wenye hisa wa hapa nyumbani. Tangu Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza mwaka 1998, na TBL kuorodheshwa mwaka huo huo, wapo wanaodhani kupenda bia ni sawa na kujua kampuni. Utamu wa Safari hauonekani kwenye mizania.

HESABU YA MISIGIRI

Turudi njia panda. Kwa ulinzi wa boma, duka au mifugo, bunduki ya marisau ya kipimo cha 12 ndiyo mfano mzuri, kwa sababu viwanda vingi vya dunia huitengeneza na risasi zake haziangalii nembo. Kinachoangaliwa ni urefu wa chumba cha risasi. Bunduki iliyotengenezwa kwa ganda la milimita 70 isipakiwe ganda la milimita 76, hata kama linaingia. Huo ni mpasuko wa mtutu na mkono wa mtu. Urefu huo kwa kawaida huchongwa kwenye mtutu, karibu na jina. Shabiki husoma jina na kuuacha.

Tuchukue hesabu ya mfano tu, si bei za soko. Bunduki yenye jina kubwa iwe Sh. 3,000,000/-, na nyingine ya kipimo kile kile, isiyo na sifa, iwe Sh. 1,800,000/-. Tofauti ni Sh. 1,200,000/-. Risasi moja ikiwa Sh. 5,000/-, tofauti hiyo ni risasi 240, au safari kadhaa za kwenda kwa fundi, au ada za leseni za miaka mingi. Mwenye jina ataulizwa na mkewe, kwa haki kabisa, kwamba Sh. 1,200,000/- zimemfanyia nini. Kama jibu ni kwamba bunduki yake ina vipuri mjini na fundi anaifahamu, fedha haikupotea. Kama jibu ni kwamba jirani ameona wivu, imepotea.

Watetezi wa majina makubwa husema bunduki ya jina haishuki bei. Hoja hiyo ina ukweli penye soko pana la mitumba. Hapa kwetu mnunuzi wa pili lazima awe na kibali chake mwenyewe, na idadi ya watu hao ni ndogo. Thamani ya kuuzia baadaye ipo kwenye maneno, na kuipata fedha huchukua muda. Muuzaji mwenye leseni anayejaza duka kwa aina moja kwa sababu tu yeye binafsi anaipenda, anafungia mtaji wake humo humo.

SARAFU HAIHITAJI RISASI

Chini ya mteremko wa Sekenke, barabara inapotoka Misigiri kwenda Shelui, ipo ardhi iliyotoa dhahabu tangu enzi za Wajerumani. Mwaka 1916, wakiwa wamezingirwa, Wajerumani walitumia dhahabu ya Sekenke kugonga sarafu za rupia 15 huko Tabora, zenye picha ya tembo. Ziligongwa zaidi ya 16,000. Leo wakusanyaji hulipa kwa tembo yule fedha nyingi kuliko uzito wa dhahabu iliyomo.

Huo ni mfano wa jina linalolipa kweli, na sababu yake ni rahisi. Sarafu haihitaji kipuri, haihitaji fundi, haihitaji risasi, na kuna watu duniani kote walio tayari kuinunua kesho. Bunduki ya mfugaji wa Misigiri inahitaji vyote vitatu, na mnunuzi wake wa kesho hajulikani. Anayejiandaa kununua aanze dukani, aulize risasi za kipimo gani hazikosekani mwaka mzima. Kisha aulize fundi anatengeneza aina zipi. Akishapata majibu hayo mawili ndipo asome jina lililoandikwa kwenye mtutu.