Jahazi Ndani ya Daftari

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Siku za mwanzo nyumba hujaa watu. Khitma ikishasomwa, jamaa hurejea makwao na mchana huwa mrefu. Jirani yetu mmoja, ambaye hatutamtaja jina, alitueleza kwamba saa iliyomwelemea zaidi ni ile ya baina ya alasiri na magharibi, wakati ambao marehemu mumewe, aliyekuwa mvuvi, alizoea kurudi kutoka baharini. Alasiri moja alichukua daftari la shule aliloliacha mjukuu wake, akaandika kwamba yeye ni nahodha wa jahazi, kwamba ni msimu wa kaskazi, na kwamba wameng’oa nanga Lamu alfajiri na shehena ya boriti kuelekea Mombasa. Kisha akajiuliza: bahari ikoje? Akajibu. Nani ameshika usukani? Akajibu. Adhana ya magharibi ilimkuta angali safarini.

Hakujua kwamba jambo hilo lina wapenzi wengi duniani. Ni mchezo wa kuvaa uhusika, unaochezwa na mtu aliye peke yake. Michezo ya namna hii ilipata umaarufu baada ya mwaka 1974, pale Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walipotoa Dungeons & Dragons. Watu kadhaa huizunguka meza, mmoja husimulia, wengine huwa wahusika, na dadu huamua mengi. Mwaka 1982, Steve Jackson na Ian Livingstone wa Uingereza walichapisha The Warlock of Firetop Mountain, kitabu ambacho msomaji mmoja hukicheza kwa penseli na dadu mbili, akichagua mwenyewe njia ya kufuata. Lakini mchezo tunaouzungumzia leo ni huru kuliko yote hiyo. Hauna kitabu cha kanuni, hauna meza, hauna dadu. Mchezaji ndiye msimulizi, na ndiye msikilizaji.

Kwa familia zetu jambo hilo si dogo, kwa kuwa wanazuoni wengi wameukataza mchezo wa dadu. Wapo pia watakaouliza iwapo kubuni visa si uongo. Uongo ni kumfanya mwenzako aamini lisilokuwapo. Hapa hakuna anayedanganywa. Imepokewa katika Sunan Abi Daud kwamba Mtume (s.a.w.) aliona, kati ya wanasesere wa Bi Aisha (r.a.), farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Alimwuliza vipi farasi awe na mabawa, naye akamjibu kwa kumkumbusha farasi wa Nabii Suleiman (a.s.). Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Mwenye suala la ndani zaidi la fiqhi na amwendee shekhe wake.

Wala si mchezo wa watoto pekee. Mwaka 1826, katika kijiji cha Haworth huko Uingereza, kasisi Patrick Brontë alimletea mwanawe Branwell askari wadogo wa mbao. Watoto hao walikuwa wamefiwa na mama yao mwaka 1821, na dada zao wawili wakubwa mwaka 1825. Waliwapa wale askari majina, wakawabunia miji na falme, wakaandika habari zao katika vijitabu vidogo mno. Mwaka 1845, Emily akiwa na miaka 26 na Anne akiwa na miaka 25, walisafiri hadi York, na njiani wakajifanya watu wa Gondal, nchi waliyoibuni wenyewe. Miaka miwili baadaye, riwaya za Charlotte, Emily na Anne zilichapishwa, nazo zinasomwa hata leo.

Msomaji anayetaka kujaribu hahitaji zaidi ya daftari na kalamu. Asiyeona vizuri au asiyejua kuandika anaweza kujisimulia kwa sauti ya chini. Kwanza, jichagulie mtu na mahali unapopajua vizuri: mpishi wa harusi, fundi wa milango ya nakshi, mkunga wa zamani. Pili, mpe haja moja na kizuizi kimoja. Tatu, endelea kwa kuuliza na kujibu, swali moja baada ya jingine. Jibu liwe lile linaloelekea kutokea, si lile unalolitamani tu. Tanga likichanika, lishonwe. Lisipone kwa miujiza. Humo ndimo mlimo na ladha, kwani mhusika asiyepata taabu humchosha hata aliyembuni.

Kila jambo la halali lina mipaka yake. Mchezo huu usile wakati wa sala, usingizi wala haki za watu wa nyumbani. Usimtie jirani ndani ya kisa ili umsengenye kwa jina jingine. Na anayejiona hataki tena kurudi kutoka huko aliko, au ambaye huzuni yake inazidi badala ya kupungua, asiufanye daftari badala ya tabibu, wala badala ya jamaa wa kumsikiliza.

Eda ilipokwisha, sisi kina mama wa jarida hili tulimzuru jirani yetu, tukamwuliza jahazi lilifikia wapi. Alisema lilichukua muda mrefu kuliko safari yoyote ya kweli. “Mwezi wa kwanza sikuweza kulifikisha,” alisema. “Kila nikikaribia bandari, nilipiga bisho nikarudi baharini.” Alijua kwamba nahodha akishuka, itambidi aende nyumbani, na hakuwa tayari kuandika ni nani anayemfungulia mlango. Mwezi wa nne ndipo alipotia nanga Mombasa, akawagawia mabaharia ujira wao, akapanda ngazi na kubisha hodi. Aliyemfungulia ni mjukuu wake, aliyekuja kulitafuta daftari lake.

Alitusomea ukurasa huo mwenyewe, kisha akalifunga daftari na kutuandalia kahawa. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu, na awape subira wote walio katika eda. Amin.