Je, Wajua? Chipu ya Kubana Mafuta kwenye Pikapu

Je, wajua kwamba Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ, gari la siku nyingi la mashirika ya misaada, haina hata mahali pa kufunga chipu? Silinda 6, cc 4,164, haina tabo, na dizeli yake inagawiwa na pampu ya kimakanika. Hakuna kompyuta inayoamua kiasi cha mafuta. Ukiiona ikikata kona Makere kuingia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ujue hiyo muuza chipu haiwezi.

Je, wajua kwamba kampuni ya Toyota Gibraltar Stockholdings huandaa magari ya aina hiyo kwa ajili ya mashirika ya misaada? Mkonga wa kuvutia hewa wanafunga. Chipu ya kubana mafuta hawafungi.

Je, wajua kwa nini gari hupanda mlima wa Kasulu likitoa moshi mweusi? Ni dizeli isiyoungua ikaisha. Mji huo uko juu ya meta 1,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa ni pungufu kwa asilimia 10 hivi kuliko pwani. Pampu iliyosetiwa kwa hewa ya Dar es Salaam humwaga kupita kiasi. Hapo fundi pampu anaipunguza kwa bisibisi.

Hilux za D-4D ni habari nyingine, maana zina kompyuta. Je, wajua kisanduku cha chipu kinazifanyia nini? Kinakaa kati ya kompyuta na sensa ya presha ya dizeli, kisha kinasema uongo: presha iko chini. Kompyuta inaiongeza, nozeli zinamwaga zaidi. Nguvu unaipata kweli, hata ukiwa na shehena ya mahindi. Imetoka kwenye tangi lako.

Utamu uko hapa: dashibodi inapiga hesabu ya mafuta kwa presha ileile ya uongo, hivyo inakuonyesha umebana. Dereva anafurahi, tajiri anafurahi, mpaka siku ya kujumlisha risiti. Jaza tangi hadi pampu ya sheli ikate, andika kilometa, fanya kazi za kawaida, kisha jaza tena pampu ileile na ugawanye kilometa kwa lita. Namba hiyo haina wa kuidanganya.

Je, wajua kile kidude cha kuchomeka chini ya usukani, Nitro OBD2? Wataalamu wa kampuni ya Quarkslab ya Ufaransa walikifungua. Hakikuwa kikizungumza na gari. Kilikuwa kikiwasha vitaa.

Tusiwaonee mafundi wote. Fundi stadi akiiandika upya programu ya injini yenye tabo, gari huvuta vizuri kwenye mizunguko ya chini, na dereva mwenye mguu mwepesi anaweza kuambulia kidogo. Ni wangapi hununua nguvu wakaacha kuikanyaga?

Je, wajua kwamba kila psi 1 ya upepo inayopungua kwenye matairi yote manne hula kama asilimia 0.2 ya mafuta? Gereji ya pancha inatosha.

Na lami ya Kabingo–Kasulu–Manyovu, mradi wa kilometa 260 hivi? Inaondoa tope na haja ya kushusha gia ovyo. Ila ukitoka mwendo wa 80 ukafika 100 kwa sababu njia imenyooka, ukinzani wa hewa unapanda kwa zaidi ya nusu.