Petroli bila risiti ni hasara mara mbili

Nilirejea Bujumbura kutoka Kigoma na pikipiki moja na kamera. Kila Jumapili nilishika barabara ya Rumonge, kandokando ya Ziwa Tanganyika, nikipiga video kwa kujifurahisha tu. Siku mwenye duka wa mtaa wa Asiatique aliponilipa nimtangazie bidhaa, starehe ikageuka biashara.

Nikamwendea mzee mmoja mtunza hesabu hapo hapo mtaani.

“Mwanangu, namba ya mlipakodi unayo? Risiti je?”

Karatasi ya forodha ya kamera nilikuwa nayo. Ya petroli sikuwa nayo. Kwa uhaba ule, nilinunua kwa walanguzi kwa bei ya kuruka. Mzee akatikisa kichwa.

“Fedha imekutoka, lakini mbele ya OBR huwezi kuithibitisha.”

Akanieleza: gharama hupunguza faida inayotozwa kodi ikiwa ni ya kazi na ina ushahidi. Safari ya kumwona shangazi haimo.

Ndugu mrejea, nawe mfanyabiashara wa mpakani, usitupe karatasi ya forodha. Mimi sasa natembea na daftari: tarehe, safari, kazi ya nani.