Viashiria vya Damu na Kupona kwa Mtoto Aliyeumia Ubongo

Mtoto anapoumia kichwa vibaya, wazazi huuliza kwanza kama ataishi, kisha kama atarudi kuwa yule yule. Katika makala haya tunaeleza jinsi wataalamu wanavyolitafuta jibu la swali la pili ndani ya damu, na mipaka ya jibu hilo.

Tangu mwaka 1974 madaktari hupima fahamu kwa kipimo cha Glasgow, kilichobuniwa na Graham Teasdale na Bryan Jennett. Hutazama kufumbua macho, kusema na kusogeza viungo, na alama huanzia 3 hadi 15. Lakini mtoto mchanga hawezi kusema, hivyo sehemu ya usemi imebidi irekebishwe kwa ajili yake. Picha ya skana nayo huonyesha damu iliyovuja na mifupa iliyovunjika, ila hutumia mionzi, na majeraha madogo ya neva aghalabu hayaonekani humo.

Ndipo wataalamu walipogeukia damu. Seli za ubongo zikiumia, protini zake humwagika na baadhi hufika katika damu. Protini iitwayo GFAP hutoka katika seli zenye umbo la nyota zinazozitegemeza neva. UCH-L1 hutoka katika seli za neva zenyewe. Nyurofilamenti nyepesi hutoka katika nyuzi zao ndefu. UCH-L1 hupanda katika saa za mwanzo, GFAP hufikia kilele baada ya siku moja hivi, na nyurofilamenti huendelea kupanda kwa siku nyingi. Kwa hiyo ni lazima kujua damu ilitolewa saa ngapi.

Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha kipimo cha GFAP na UCH-L1 kwa watu wazima, ili kusaidia kuamua nani ahitaji skana. Idhini hiyo haikuhusu kutabiri kupona, wala haikuwahusu watoto. Kwao pana matatizo mawili. Kwanza, viwango hubadilika kwa umri: protini ya S100B huwa juu hata kwa mtoto mchanga mwenye afya. Pili, baadhi ya protini hazitoki ubongoni pekee. S100B imo pia katika mafuta ya mwili, na enolasi ya neva imo katika chembe nyekundu. Chembe hizo zikipasuka, kipimo hupotosha.

Zaidi ya hayo, kiashiria hupima kilichoharibika, hali kupona hutegemea pia umri, matibabu, mazoezi na malezi. Kiwango cha juu huongeza shaka juu ya kundi la watoto, lakini hakitoshi kumhukumu mtoto mmoja. Tena kasoro nyingine hujitokeza miaka kadhaa baadaye, masomo yanapokuwa magumu. Neno kiashiria latokana na kuashiria, na daktari azungumzaye na wazazi hana budi kulitumia kwa maana hiyo: asome damu pamoja na dalili nyingine, kisha aendelee kumfuatilia mtoto hadi shuleni.